Futi 6,000 na Futi 178

Asubuhi moja ya Juni nilikuwa kwenye ndege ya Dar es Salaam kwenda uwanja wa Songwe, Mbeya, kiti cha dirishani, na kwa dakika kama kumi sikuona chochote nje isipokuwa weupe. Wanaoijua Mbeya wanaujua ukungu ule. Huingia usiku na hauna haraka ya kuondoka. Ndege ilishuka, magurudumu yakasikika yakifunguka chini ya miguu yetu, bawa likapotea, likaonekana, likapotea tena. Pale masikio yalipokuwa yakisubiri matairi yaguse lami, injini zikanguruma kwa nguvu zote, pua ikainuka na migongo yetu ikagandamizwa vitini. Mama aliyekaa pembeni yangu akasema "Yesu!" mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani. Kijana wa kiti cha mbele alikuwa keshainua simu, anarekodi.

Baadaye kidogo rubani akatutangazia, kwa sauti ya karani anayesoma ratiba, kwamba hakuiona njia ya kurukia na tunarudi Dar es Salaam. Tukarudi, tukapewa chai. Sijamaliza andazi, shangazi yangu wa Mbeya akapiga simu. Hata shikamoo hakuisubiri.

"Mwanangu, uko hai? Huku wanasema ndege yenu imenusurika kuanguka."

Video ya yule kijana ilikuwa imefika Mbeya kabla yetu. Ilikuwa ya sekunde chache: weupe dirishani, mngurumo, mtoto analia. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu yenye lile neno, "yanusurika".

Neno hilo linastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo wote wa habari za namna hii katika Kiswahili. Mtu hunusurika na kitu kilichokuwa kimeshamfikia shingoni: basi limepinduka yeye akatoka, nyumba imeungua yeye akatolewa. Ukisema ndege imenusurika kuanguka, umeshasema kwamba kuanguka ndiko kulikokuwa njiani na kwamba bahati, au Mungu, ndiye aliyeingilia kati. Siku ile ya Songwe hakuna kilichoingilia kati. Kila rubani anayekuja kutua ana kimo alichopangiwa, na akifika hapo bila kuiona njia ya kurukia, hupaa tena. Uamuzi huo haungoji ushujaa. Umeandikwa kitabuni, marubani huufanyia mazoezi ya mara kwa mara kwenye mashine za kuigiza urukaji, na mafuta ya kwenda uwanja mwingine huwa yamewekwa kabla ndege haijaondoka. Abiria aliyekandamizwa kitini anasikia mwili wake ukimwambia kuna hatari. Rubani wakati huohuo anaikimbia hatari ingali mbali.

Wanaoshughulika na usalama wa anga wana takwimu moja inayoyaonyesha mambo haya kwa sura tofauti kabisa. Shirika la Flight Safety Foundation lilichunguza namna marubani wanavyoamua pale ndege inapokuja kutua ikiwa haijatulia, yaani mwendo mkubwa mno, au kimo kikubwa mno, au haijanyooka na njia. Kanuni inasema hapo paa tena. Wakakuta ni takriban 3 tu kati ya kila 100 zinazopaa tena. Zilizobaki huendelea kutua, na nyingi hutua salama, lakini humo ndimo hutoka ndege zinazopitiliza hadi majanini. Kwa hiyo jambo linalopigiwa kelele kwenye simu zetu kana kwamba ni mkosi ndilo ambalo wataalamu wanalalamika halifanywi vya kutosha. Nimejiuliza mara nyingi rubani kijana anajisikiaje, akijua kwamba akipaa tena abiria 70 watamrekodi na jioni atakuwa "rubani wa ndege iliyonusurika".

Rahisi ni kuwalaumu waandishi na kuondoka. Mimi ni mmoja wao, na najua hatukai chumba cha habari tukipanga kutisha watu. Kinachotokea kinavutia zaidi kukichunguza, na sijui mfano unaokionyesha vizuri kuliko ule wa Mei 2024.

Tarehe 21 ya mwezi huo ndege ya Singapore Airlines, safari namba SQ321 kutoka London kwenda Singapore, Boeing 777 yenye abiria 211 na wafanyakazi 18, ilikumbana na msukosuko mkali wa hewa ikiwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki, makumi wakajeruhiwa, na ndege ikaenda kutua Bangkok. Hilo halikuwa tukio dogo hata kidogo, na walioliandika ukurasa wa mbele walikuwa na haki. Nimelichukua kwa sababu ya tarakimu moja. Saa chache baada ya kutua, vyombo vya habari karibu dunia nzima vilikuwa vimeandika kwamba ndege iliporomoka futi 6,000 ndani ya dakika chache. Kulikuwa na michoro, mshale mwekundu unaoelekea chini, na kwa Kiswahili chetu tukaandika "yaporomoka", kitenzi tunachokitumia kwa ghorofa za Kariakoo.

Futi 6,000 zilikuwa za kweli. Mtu yeyote angeweza kuziona kwenye Flightradar24, ile tovuti iliyoanzishwa Sweden mwaka 2006 na wapenzi wawili wa ndege, ambayo hunasa mawimbi yanayotumwa na ndege zenyewe zikitaja zilipo, kimo na mwendo. Mstari ulionyesha futi 37,000, kisha futi 31,000. Siku nane tu baada ya tukio, wachunguzi wa Singapore walitoa taarifa ya awali kutokana na kumbukumbu za ndege yenyewe. Kushuka kule kwa futi 6,000 kulitokea dakika kama 17 baada ya msukosuko. Kulichukua takriban dakika tatu, na aliyekufanya ni rubani, kwa makusudi, kwa mwendo wa kawaida kabisa wa kushuka, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwenda Bangkok kuwapeleka majeruhi. Msukosuko wenyewe, ule ulioua, uliishusha ndege futi 178.

Futi 178 ni mita 54 hivi. Kwenye grafu ya simu hata hazionekani.

Hapa ndipo habari ilipopotosha kwa namna inayonisumbua kuliko uongo wa kawaida. Waandishi walichukua kitendo cha rubani kuwaokoa abiria wake wakakiita maporomoko, na maporomoko yenyewe wakayapita, maana yalikuwa madogo mno kuonekana. Kwa msomaji kosa hili lina gharama. Futi 6,000 zinamwambia kwamba hatari ni ndege kuanguka, na juu ya hilo abiria hana la kufanya ila kusali. Futi 178, zilizopita katika sekunde 4.6, zinamwambia kitu kingine: ndege ilishuka ghafla kuliko mwili unavyoweza kushuka, kwa hiyo asiyefunga mkanda aliachwa hewani, akagonga dari, kisha sakafu ikarudi juu kumpokea. Rubani alikuwa amewasha taa ya mikanda sekunde chache tu kabla. Tarakimu ndogo ndiyo iliyokuwa na habari inayoweza kumsaidia mtu kwenye safari yake ijayo.

Tabia ya kuuona mwili wa ndege na kuusahau wa abiria haikuanza na intaneti. Septemba 2005 ndege ya JetBlue, Airbus A320, iliondoka Burbank, California, kwenda New York ikagundua kwamba magurudumu ya mbele yamegeuka upande, nyuzi 90, kama ya toroli iliyokwama. Ndege ya aina ile haina mfumo wa kumwaga mafuta hewani, kwa hiyo ikazunguka kama saa tatu ikiyachoma kabla ya kutua Los Angeles. Televisheni za Marekani zikarusha moja kwa moja. Kumbe kila kiti cha JetBlue kilikuwa na televisheni yake ya satelaiti. Abiria 140 wakakaa angani wakitazama ndege yao wenyewe kwenye skrini ya kiti cha mbele, huku wachambuzi walioalikwa studioni wakijadili uwezekano wa wao kufa. Skrini zilizimwa kabla ya kutua. Magurudumu yalikwaruza lami, yakatoa cheche na moto, ndege ikasimama katikati ya njia na hakuna aliyepata hata mchubuko. Hitilafu ya aina ileile ilishawahi kuzipata ndege nyingine za A320, nazo zikatua. Rubani alilijua hilo, mafundi walilijua, na waliokuwa kiti cha 12 hawakulijua, kwa sababu aliyekuwa akiwapa habari alihitaji wabaki wakitazama.

Tofauti ya sasa ni kwamba studio imegawanywa vipande vipande na kila mmoja wetu kapewa chake. Rubani akibonyeza tarakimu 7700 kwenye kifaa cha utambulisho, kuwaambia waongoza ndege kwamba anahitaji kipaumbele, tarakimu hiyo huonekana papo hapo kwa wafuatiliaji wa ndege duniani kote, na akaunti zinazojiendesha zenyewe huitangaza kabla hata mhudumu hajamaliza kumpa maji abiria mwenye kifafa ambaye ndiye chanzo cha yote. Dharura ya angani ni neno pana. Ndani yake kuna mgonjwa wa moyo, kuna harufu ya moshi jikoni, kuna taa moja ya tahadhari isiyotaka kuzima. Mhariri aliye na dakika tano hawezi kuvitenganisha, na kichwa cha habari kinachosema "dharura" hakimdanganyi mtu, ila hakimwambii kitu pia.

Mengine yanayoandikwa kama miujiza ya kuokoka ni kazi za kila siku. Ndege inayozunguka saa nzima baharini kabla ya kurudi uwanjani inapunguza uzito. Boeing 787-8, aina inayotumiwa na Air Tanzania na Kenya Airways, inaruhusiwa kuondoka ikiwa na takriban tani 228 lakini kutua ikiwa na tani 172 tu, na tofauti hiyo karibu yote ni mafuta. Ndege inayoshuka ghafla hadi futi 10,000 baada ya barakoa za oksijeni kuning'inia haianguki: hewa ya barakoa hizo hutosha kwa dakika chache, na rubani anatakiwa afike haraka mahali ambapo watu wanaweza kupumua wenyewe. Injini inayotema ndimi za moto mara mbili tatu kwa mlipuko mara nyingi imevurugikiwa na mkondo wa hewa ndani yake. Hata ikizimwa, ndege ya injini mbili haipewi cheti mpaka ithibitishe kwamba inaweza kupaa na moja.

Haya yote shangazi yangu angeelewa kwa dakika mbili. Tatizo ni kwamba hakuna anayempa hizo dakika mbili.

Kuna nyakati ambapo kelele huwa na msimu. Januari 5, 2024, kipande cha ukuta wa Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, kilichoziba nafasi ya mlango, kilichomoka ndege ikiwa imefika futi kama 16,000 juu ya Oregon. Watu 177 walikuwamo, wote wakarudi. Hilo lilikuwa jambo zito. Wachunguzi walikuta kwamba bolti nne zilizopaswa kukishikilia kipande kile hazikuwapo tangu ndege ilipotoka kiwandani. Lakini miezi iliyofuata kila ndege yenye jina la Boeing ikikohoa tu ilikuwa habari. Machi 7 gurudumu lilichomoka kwenye Boeing 777 ya United ikiondoka San Francisco kwenda Osaka, likaangukia magari ya watu kwenye maegesho. Picha zake zilikuwa nzuri sana, na mimi mwenyewe nilizisambaza. Ndege ile ilikuwa imetumika miaka zaidi ya 20. Aliyeyafunga magurudumu yake mara ya mwisho alikuwa fundi wa matengenezo na si kiwanda cha Boeing, na mguu mmoja mkuu wa 777 una magurudumu sita. Ikatua Los Angeles na yaliyobaki. Kwa msomaji, gurudumu la San Francisco na mlango wa Oregon vikawa kitu kimoja, na kampuni iliyokuwa na maswali mazito ya kujibu kuhusu ukaguzi wa kiwandani ikapata nafasi ya kusema, kwa haki safari hii, kwamba inasingiziwa.

Hapo ndipo lawama yangu inapohama kutoka kwenye kelele kwenda kwenye ukimya. Oktoba 28, 2018, Boeing 737 MAX 8 ya Lion Air iliondoka Denpasar kwenda Jakarta. Usukani ulianza kutikisika mara tu ilipopaa, na pua ya ndege ikawa inasukumwa chini na kitu ambacho marubani hawakukijua. Rubani wa tatu, aliyekuwa akisafiri tu kwenye kiti cha ziada cha chumba cha marubani, aliwasaidia. Mfumo wa umeme unaorekebisha mkia ukakatwa, wakaendelea kwa mkono, wakatua salama. Hakuna video. Hakuna kichwa cha habari. Kwenye kitabu cha hitilafu waliandika kuhusu vipimo vya mwendo na kimo kutokubaliana, lakini taarifa ya mwisho ya wachunguzi wa Indonesia inaonyesha hawakuandika kwamba usukani ulitikisika safari nzima, wala kwamba walilazimika kuukata ule mfumo. Mafundi wakatengeneza walichoandikiwa. Asubuhi yake ndege ileile iliondoka Jakarta, ikaangukia baharini na watu 189.

Miezi minne na siku kadhaa baadaye, Machi 10, 2019, ikafuata ndege nyingine ya aina ileile, ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya, 32. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa kwamba usalama wa anga si porojo. Waliokuwa wakisubiri kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta asubuhi ile wanajua. Ila tukio ambalo lingeweza kuwaokoa halikuwa na mngurumo, weupe dirishani wala mtoto analia. Lilikuwa mistari iliyokosekana kwenye fomu.

Hata karibu zaidi, Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44 ilirudi uwanja wa Wilson, Nairobi, na taarifa ya kwanza ya shirika ilisema abiria na wafanyakazi walisikia kishindo muda mfupi baada ya kupaa, kwa hiyo ndege imerudi kukaguliwa. Ungeisoma ungedhani ni ndege mnyama, kunguru pengine. Kumbe ilikuwa imegongana na Cessna ya mafunzo juu ya Hifadhi ya Nairobi, na waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walikuwa wamekufa. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba kila kishindo ni kidogo. Namwambia ukubwa wa tukio haupimwi kwa ukubwa wa hofu ya waliokuwamo, na hata taarifa ya shirika haiupimi.

Maana mashirika nayo yana mkono humu, mkono mrefu. Ukipiga simu kuuliza, utapewa sentensi moja: ndege ilipata hitilafu ya kiufundi, usalama wa abiria ndio kipaumbele chetu. "Hitilafu ya kiufundi" ni sawa na daktari kukwambia mgonjwa wako ana ugonjwa. Pengo hilo hujazwa na kijana wa kiti cha mbele, na nani wa kumlaumu? Yeye ndiye shahidi pekee aliyekubali kusema. Kanuni za kimataifa, kile Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zimetenganisha vizuri kabisa ajali, tukio kubwa na tukio dogo, na zinataka taarifa ya awali ya ajali itolewe ndani ya siku 30. Singapore walitumia nane. Siku ile taarifa yao ilipotoka niliitafuta kwenye kurasa za Kiswahili zilizoandika "yaporomoka". Niliikuta kwenye moja, aya ya tatu.

Shangazi, tangu siku ya Songwe, hataki nipande ndege kwenda kumsalimu. Anataka nije na basi. Basi la Mbeya, linaloondoka gizani, linaloshuka na kupanda mlima Kitonga kwenye kona ambazo kila dereva wa lori ana hadithi juu yake. Hayuko peke yake. Baada ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaendesha magari, na mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika mwaka uliofuata watu kama 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani karibu milioni 1.2 kila mwaka. Mwaka 2023, kwa hesabu ya chama cha mashirika ya ndege, IATA, ndege za abiria zilifanya safari zipatazo milioni 37, na ajali iliyoua ilikuwa moja, ya Nepal, watu 72. Basi likiparamia lori Mikumi na kuua watano, habari yake hukaa siku moja.

Takwimu hizo sikumwambia. Nilimweleza ya Singapore, nikaanza na futi 6,000, akaguna. Nikamwambia kwamba kumbe hizo alizishusha rubani mwenyewe kwa hiari yake, na zilizoumiza watu ni 178, chini ya urefu wa mnazi mara tatu. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliona kwenye kichwa cha habari hata kimoja.

"Sasa waliokuwa wamefunga mkanda?"

"Walibaki vitini, shangazi."

Akafikiri tena. Akataka kujua kama mikanda ya lile basi la alfajiri huwa inafungika.